Watu Wawili Chini ya Koti Moja

Umalila, Mbeya
Jumapili, baada ya ibada

Kwako Baba Anitha, mume wangu,

Kamwene. Nimeanza kwa salamu ya kwetu kwa sababu huku nikisema kamwene watu wananitazama, wanangoja niendelee, na mimi sina cha kuendelea nacho. Hujambo wewe? Mama hajambo? Mguu wake ule unaovimba baridi ikizidi, bado anaukanda kwa maji ya moto au amechoka tena kama mwaka jana? Na Anitha amepona kikohozi? Nimeiona picha aliyopigwa na shangazi yake akiwa na sare ya shule, sketi inafika kwenye vifundo vya miguu. Msiikate. Ikunjeni tu, atakua.

Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Mafua yanakuja na kuondoka, kama kila mtu wa huku. Mahindi ya watu yamefika magotini, viazi vimechanua, na kazi ni nyingi. Kila siku kuna mkulima anayenipungia mkono barabarani, anataka niingie shambani kwake nitazame majani yaliyokunjamana. Wananiita Bibi Shamba hata kanisani. Jina langu la Yusta nadhani limebaki huko kwako tu.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ninayo na juzi tumeongea. Naandika kwa sababu kwenye simu wewe una dawa ya kucheka. Nikianza jambo unacheka, nami nikisikia kicheko chako nasahau nilichokusudia, najikuta naulizia nyanya za mama. Barua huwezi kuichekea katikati. Nitaimaliza mimi, halafu ndipo utakapocheka kama kicheko kitakuja. Mama Mchungaji wetu anakwenda Morogoro kwa binti yake, na basi litapita hapo Ilula. Ameahidi kwamba basi likisimama kwa wauza nyanya atashuka akukabidhi mkononi barua hii na mzigo ulio pamoja nayo. Usiufungue mzigo kabla hujamaliza kusoma. Nakujua.

Baba Anitha, mvua ya huku si kama ya Ilula. Ya Ilula inakuja na kishindo, inapiga bati, inapita, jua linatoka na nyanya zinang'aa. Ya Umalila inakaa. Inaanza kwa ukungu, ukungu unakuwa manyunyu, manyunyu yanakuwa mvua, halafu vyote vitatu vinashuka pamoja na wewe uko juu ya pikipiki katikati ya mlima. Majuma ya kwanza nililia kweli. Nilikuwa navaa koti la mvua juu ya sweta, naona nimemaliza. Nikifika kijijini maji yameingia shingoni yametokea kiunoni, vidole vimekufa, siwezi hata kufungua kalamu. Mara moja nilishindwa kushika breki kwa ganzi, nikaingia kwenye ua wa mtu, nikasimamishwa na lundo la mbolea. Yule mzee mwenye nyumba alinisalimia kwa heshima zote, akaniuliza kama nimekuja kuikagua.

Sasa nimezoea. Nakunja gazeti naliweka kifuani chini ya sweta, upepo haupiti. Shingoni nazungusha kitaulo kidogo. Mikononi navaa glavu za sufu, na juu yake zile za mpira za kuoshea vyombo, kubwa, za buluu, watoto wananicheka njia nzima. Suruali ya mvua naishusha nje ya gambuti. Mwanzoni nilikuwa naichomeka ndani, ikawa kama nimeweka mfereji wa kujazia viatu maji. Nikisimama mahali navua glavu na kuiwekea mikono injini kwa mbali kidogo, kama anayeota moto. Hivi naandika nikiwa mkavu, na Alhamisi nilizunguka vijiji mchana kutwa.

Lakini mengi kati ya hayo nimeyapata kwako, na hapo ndipo barua yangu inapoanza.

Unakumbuka nilipokuja Ilula kwa mafunzo ya vitendo, msichana wa chuo na begi lake, nikakuta kijiwe kizima cha bodaboda mmejibanza kwenye kibaraza cha duka kwa sababu ya mvua? Niliuliza nani atanipeleka kule juu, wenzako wote wakatazama angani. Wewe ukawasha pikipiki. Hatujafika hata mbali mvua ikazidi, ukasimama.

"Dada, ingia ndani ya koti."

"Ndani wapi?"

"Nyuma yangu. Inua hili pindo, ingiza kichwa, unishike hapa."

"Sitaiona njia."

"Njia naiona mimi. Wewe kazi yako ni kukauka."

Nikaingia. Lile koti lako pana kama hema, la kijani, lenye harufu ya petroli na sabuni ya kipande. Humo ndani kulikuwa na giza na mvua niliisikia kama inanyesha kwa jirani. Shavu langu lilikuwa mgongoni kwako, nikausikia moyo wako ukienda, na joto likapita kutoka kwako likaja kwangu, taratibu, kama chai inavyoshuka tumboni. Tulipofika sikutaka kutoka. Nilishuka mkavu, Festo, na nilikuwa nimeshapenda. Hilo nimekueleza mara nyingi, na kila mara unacheka. Kwa hiyo unajua ninachokijua kuhusu koti lile.

Sasa sikiliza.

Juma lililopita dada yako Eliza alinipigia. Hakuwa na ubaya wowote, naomba usimgombeze. Alikuwa anapiga soga za wifi na wifi, kafurahi kwamba mambo yako yamenyooka. Akasema, "Wifi, kaka siku hizi kapata mteja wa kudumu. Yule madam mpya wa shule ya kule juu. Anampeleka asubuhi, anamrudisha jioni. Madam Happy."

Nikasema, "Vizuri." Nikasema hivyo kwa sababu nilikuwa bado sijasikia.

"Ungewaona siku ile ya mvua, wifi! Tuko jikoni na mama, tunaona pikipiki inaingia ina kichwa kimoja na miguu minne! Mama akashtuka akasema, ni nini hiki? Kumbe Madam yuko ndani ya koti. Akatoka kama kifaranga anavyotoka chini ya mbawa za mama yake." Akacheka mpaka akakohoa.

"Kifaranga wa umri gani?" nikauliza.

"Ah, msichana tu. Ndiyo kwanza ameajiriwa. Alikuwa anatetemeka, maskini, meno yanagongana, kaka akampa sweta."

"Sweta gani?"

"Lile la kahawia lililokuwa nyuma ya mlango."

Festo, lile la kahawia lililokuwa nyuma ya mlango ni langu. Mama alinifumia kwa mikono yake nilipokuwa na mimba ya Anitha, limevutika tumboni na halijawahi kurudi lilivyokuwa. Nililiacha huko makusudi. Nilitaka ukifunga mlango ulione. Sikuliacha ili lipashe joto kifua cha mwalimu.

Nikamwuliza Eliza kwa sauti ya kawaida kabisa, sijui niliitoa wapi, kama Madam alikunywa na chai. Akasema alikunywa, vikombe viwili, na Anitha alimkalia mapajani akamsomea kitabu. Anitha wangu. Nikasema nina mtu mlangoni, nikakata simu. Hakukuwa na mtu mlangoni.

Nataka ujue hali niliyokuwa nayo tangu siku hiyo, kwa sababu sitaki ufikiri nimenuna kidogo ikaisha. Kila asubuhi kabla sijanawa uso nafungua simu natazama hali ya hewa. Si ya huku. Ya Ilula. Ikionyesha jua, nakunywa chai. Ikionyesha wingu lenye matone, chai inakuwa na ladha ya majani makavu. Naanza kuhesabu: sasa anamchukua, sasa wako kwenye kile kilima, sasa mvua imewakuta, sasa anasimama, sasa anamwambia ainue pindo. Na je, anamwambia maneno yaleyale? Anamwambia kazi yako ni kukauka? Wazo hilo likinijia nikiwa barabarani naukaza mkono kwenye mafuta mpaka pikipiki inalia.

Mimi ni Bibi Shamba. Nimeapishwa kuwasaidia wakulima. Na Jumatano iliyopita, nakiri kwako, nilipiga magoti nikaomba Ilula mvua ikatike. Nikiwa nimepiga magoti nikakumbuka nyanya za mama na mahindi ya majirani. Nikaomba basi inyeshe, lakini iwe mchana tu, watu wakiwa shuleni.

Nikakupigia. Nikauliza, "Abiria wapo?" Ukajibu, "Wapo, wa hapa na pale." Nikauliza, "Na mvua?" Ukasema, "Tunajificha tu, tutafanyaje." Ukacheka. Nikaulizia nyanya.

Wa hapa na pale. Mtu unayembeba asubuhi na jioni, kila siku ya Mungu, ni wa hapa na pale? Koti ningeweza kulimeza. Wewe ni dereva, yeye ni abiria, mvua ni mvua. Lakini ulipomficha ndani ya neno lile dogo, hapo ndipo uliponichoma. Ungesema, "Kuna mwalimu mmoja namchukua, jana tumelowa," ningeuma meno yakaisha. Hukusema. Nami nikawa najiuliza mtu anaficha nini kama hakuna cha kuficha.

Sasa nikueleze kilichonipata Ijumaa, maana nisipokueleza nitakuwa nakufanyia ulilonifanyia.

Nilikwenda kijiji cha juu kabisa kuonyesha watu namna ya kuanika pareto wakati wa mvua. Kwenye mkutano alikuwepo pia daktari wa mifugo wa kata ya jirani, Mnyakyusa mmoja anaitwa Lusajo, mtu mzima kuliko wewe kidogo, mpole, ana mke na watoto. Tulipomaliza kila mtu akaondoka na pikipiki yake. Nilipofika kwenye kijito nikamkuta amesimama katikati ya maji. Maji yalikuwa yamejaa, yameingia kwenye injini, pikipiki imekataa. Tukaisukuma pamoja mpaka kwa mkulima aliye karibu tukaiacha hapo. Yeye alikuwa na koti la kawaida la kitambaa, limeshalowa, linamwaga maji kama shuka lililotoka kwenye beseni. Midomo imekuwa ya rangi ya zambarau.

Nikamwambia, "Panda, nitakufikisha."

Tukaanza kushuka. Ikaja mvua ya mawe. Festo, mawe kama njegere, yanagonga helmeti mtu hajisikii hata akipiga kelele. Nikahisi pikipiki inatikisika, nikadhani ni gurudumu. Kumbe ni yeye anavyotetemeka. Alikuwa ameshika kile chuma cha kubebea mizigo nyuma, hataki kunigusa kwa heshima, na mikono yake imekufa ganzi. Kwenye kona ya kwanza yenye utelezi nusura aanguke bondeni.

Nikasimama. Mimi nina koti pana kama lako, nililitafuta Mbalizi mpaka nikalipata, ukitaka kujua kwa nini, soma tena huko juu. Nikageuka nikamwambia, "Kaka Lusajo, ingia ndani ya koti."

Akasema, "Hapana, dada. Si vizuri."

"Utaanguka ufe, nitamwambia nini mkeo?"

Akaingia. Akanishika kiunoni kwa vidole viwili viwili, kama anayeshika kikombe cha watu. Baadaye njia ikawa mbaya akashika sawasawa. Tukaenda hivyo mpaka chini.

Hapa ndipo nilipotarajia kujifunza kwamba hakuna kitu. Nilijiambia nikiwa kwenye usukani, haya Yusta, sasa wewe ndiye Festo, na huyu ndiye Madam, utaona mwenyewe kwamba ni mzigo tu, kama kiroba cha viazi. Nakuambia ukweli mbele za Mungu: si kiroba cha viazi. Mtu akiacha kutetemeka mgongoni kwako unajua. Pumzi yake ikitulia unajua. Joto linarudi mwilini mwake na mwilini mwako, na unafurahi, hata kama humtaki, hata kama hujawahi kumfikiria. Simtaki Lusajo. Sikumtaka jana na sitamtaka kesho. Lakini nilijua kila hatua ya njia kwamba yupo. Kwa hiyo usije ukaniambia kwamba wewe hukujua. Wivu wangu niliupandisha mlimani ukiwa na mashaka, nikaushusha ukiwa na uhakika.

Tukafika kwake. Mkewe, Mama Gwamaka, alikuwa amesimama mlangoni na taa ya chemli, maana umeme ulikuwa umekatika kwa sababu ya mvua na nyumba ilikuwa giza ingawa ilikuwa bado jioni. Akaona pikipiki inaingia. Akaona kichwa kimoja na miguu minne. Akaona mumewe anatoka chini ya koti la mwanamke.

Ningependa ungeuona uso ule. Mimi niliutambua mara moja, kwa sababu nimeuona kwenye kioo changu juma zima.

Akampa mumewe taulo. Mimi hakunipa. Akamwambia aingie ndani akabadilishe nguo. Tukabaki wawili kibarazani, mawe yanayeyuka uani.

"Mlikuwa wawili humo ndani?" akaniuliza.

"Humo ndani ya nini, mama?"

"Ya koti."

"Ndiyo. Alikuwa anakufa kwa baridi."

"Na wewe ulikuwa unakufa?"

"Mimi nilikuwa mkavu."

Akaisogeza taa karibu na uso wangu. "Ulisikia joto?"

Baba Anitha, ningeweza kucheka, kama wewe. Ningesema ah mama, mvua yote ile, joto litoke wapi. Maneno hayo yalikuwa yameshafika mdomoni. Lakini nilimwona amekaza shingo namna ninavyoikaza mimi nikitazama matone kwenye simu, nikashindwa.

Nikasema, "Ndiyo, mama. Nililisikia. Na sina kitu na mume wako."

Akaiweka taa chini, akasema, "Ndaga, asante. Ungesema hukusikia, ningekufukuza na mvua yako." Akaniingiza jikoni, akanivua koti kwa mikono yake, akanifunga kitenge kikavu, akanisogezea kigoda motoni. Tukala viazi vya kuchoma kwa chumvi. Na nikiwa pale motoni nikaanza kulia, nikamweleza yote, wewe, Madam, kifaranga, sweta, wa hapa na pale. Lusajo alipochungulia akatuona mkewe ananifuta machozi kwa ncha ya kanga, akarudi chumbani polepole bila kuuliza.

Mama Gwamaka alisema kitu kimoja tu kuhusu wewe. Alisema, "Mwanaume mwema akiona mtu ana baridi atamfunika, huyo hutambadilisha, na ukimbadilisha hutampenda tena. Lakini si lazima awe na koti moja."

Nililala kwao, na kesho yake asubuhi tukapanda pikipiki yangu, yeye nyuma, tukashuka mpaka Mbalizi sokoni. Na sasa fungua mzigo.

Hilo ni koti la mvua na suruali yake, ni vya Madam Happy. Vipya. Mama Gwamaka ndiye aliyechagua rangi. Mimi nilikuwa nimeshika la buluu iliyoiva, akaninyang'anya. "Chukua hili la chungwa," akasema, "kama wanaotengeneza barabara. Hata wakiwa kilimani mama mkwe wako ataona kwamba hawa ni wawili." Eliza alinitajia kwamba ni mwembamba, nimechukua kubwa makusudi. Ndani ya mfuko wa koti kuna glavu za sufu na za mpira, na soksi nzito. Mwonyeshe namna ya kuvaa suruali nje ya gambuti, na umwambie aweke gazeti kifuani, yeye mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe. Mwambie vimetoka kwa mke wako aliyeko Mbeya, ambaye anajua baridi ya barabarani ilivyo na hataki mtu yeyote aipate. Hilo ni kweli. Simchukii msichana wa watu. Najua alivyojisikia humo ndani kuliko mtu yeyote Ilula nzima, na ndiyo sababu siwezi kumwacha aendelee kuingia.

Sweta langu alifue alirudishe. Sitaki ulifue wewe.

Na wewe sikukatazi kumbeba. Ni kazi yako, na barabara ile hawezi kuipanda kwa miguu na madaftari ya watoto. Usije ukaniambia watu wa kijiweni watakucheka kwamba mke anakuendesha kutoka Mbeya. Wacheke.

Likizo yangu imekubaliwa, nitakuja Pasaka. Nitakaa mpaka ibada zote ziishe. Nitataka kukaa na mwanangu, nimsomee mimi. Huko mbele kuna nafasi ya kazi Kilolo, wilayani kwetu huko, inasemwasemwa, na mkuu wangu ameniuliza kama nitataka jina langu lipelekwe. Nilimwambia anipe muda nimwulize mume wangu. Miezi iliyopita ningejibu kabla hajamaliza sentensi. Sasa nataka kwanza nijue narudi kwenye nyumba gani.

Msalimie sana mama, mwambie ile dawa ya kuchua niliyomwahidi iko kwenye mzigo huohuo, apake akiwa amekaa karibu na moto. Msalimie wifi yangu Eliza, mwambie sina kinyongo, na aendelee kunipigia. Msalimie mwenyekiti wa kijiwe chenu, mwambie nakumbuka namna alivyotazama angani siku ile. Wasalimie wanakwaya wa sauti ya pili, wasimpe mtu kiti changu. Anitha mbusu kwenye paji la uso, halafu umbusu tena, busu la kwanza limetoka kwangu, la pili ni la kwako.

Jambo la mwisho. Ukimaliza kusoma usinipigie simu. Nitaiona inaita na sitapokea. Chukua kalamu, Festo, keti mezani, uniandikie kwa mkono wako ulichosikia mgongoni siku ile, na kwa nini uliniambia wa hapa na pale. Kama hukusikia kitu, andika hukusikia, nami nitajua unanidanganya. Kama ulisikia, andika, nami nitalia siku moja au mbili halafu nitamwambia mkuu wangu apeleke jina. Mama Mchungaji akirudi kutoka Morogoro atapita tena hapo kwa wauza nyanya. Mpe barua yako bila kuinakili upya. Nataka nione mahali kalamu ilipositasita.

Ni mimi mkeo ninayekuonea wivu na kukupenda,
Yusta, Mama Anitha